Mgeni wa Mzee Werema

Utepe wa njano ulimbana Boke mkononi, na kabla hata hajalitia jicho bwawa lenyewe alikuwa ameshauchukia.

"Dada, usiuvue mpaka unapotoka," alisema Yassini, mlinzi wa geti, akikaza kifungo chake. "Njano ni watu wa nje."

"Na wa ndani wanavaa rangi gani?"

"Wa ndani hawavai kitu. Wanajulikana."

Vedasto alicheka, akamshika Boke mkono wa pili, ule usio na utepe, akamvuta ndani. Na Boke, mtoto wa kijijini Kewanja asiyekubali kuvutwa na mtu, alivutika. Mapenzi haya! Mwaka mzima alikuwa hivyo, tangu siku Vedasto alipomleta dada yake kusukwa pale saluni kwake, karibu na stendi ya Tarime, akakaa kwenye benchi la wateja akisubiri. Dada alimaliza, akaondoka na bodaboda. Vedasto akabaki palepale benchini, akidai bado anasubiri. Boke alimuuliza anasubiri nini, na yule kaka akamtazama kwa macho yake ya taratibu, akasema, "Nasubiri ufunge." Siku hiyo Boke aliunguza nywele za mteja na pasi. Tangu hapo hakuwa na akili timamu tena mbele ya mwanaume huyu.

Na sasa mambo yalikuwa yamefika pazuri. Wazee walikuwa wameshakaa, wamekubaliana, ng'ombe wa mahari walikuwa watoke Jumamosi. Kule Kewanja kaka zake Boke walikuwa wamekata miti na kupanua zizi. Mama yake alikuwa hapiti kisimani bila kuulizwa, na akiulizwa hajibu kwa kifupi. Binti yake anaolewa Miamba Esteti, kwa watu wenye bwawa!

Basi tuliseme hilo bwawa. Miamba Esteti ni nyumba nyeupe zilizopangwa kilimani nje kidogo ya mji wa Tarime, zimezungushiwa ukuta, na ndani ya ukuta kuna mabwawa mawili ya kuogelea, kubwa na la watoto. Mabwawa ni mali ya Umoja wa Wakazi. Mwenyekiti wa Umoja ni mama yake Vedasto, Mama Agustina, na ukitaka kumuona mama huyu katika utukufu wake umuulize habari za sheria za bwawa. Mtu wa nje haruhusiwi kuingia majini mpaka awe mgeni wa nyumba fulani. Mwenye nyumba au mke wake lazima akae pale kando, kwenye kiti, tangu mgeni anapolowa mguu mpaka anapokauka. Wote wawili wakikosekana, mlinzi anapiga simu nyumbani na mwenye nyumba anakuja mwenyewe kumsimamia mgeni wake. Watoto wa nyumba hawahesabiki, hata wawe na ndevu. Sheria hii ilitungwa baada ya shemeji wa mtu mmoja kutoka Nyakunguru kuja na ndoo na sabuni akafua blanketi. Mpaka leo wanaisimulia habari ya lile blanketi kama watu waliopigwa bomu.

"Mama mwenyewe ndiye amekualika," Vedasto alikuwa amemwambia Boke kule saluni. "Anataka mzoeane. Na mimi nitakufundisha kuogelea."

Boke alifurahi, lakini hakuwa mjinga. "Na mzee?"

"Mzee anakwenda mnadani Mugumu. Jumapili hayupo, anarudi usiku."

"Una uhakika? Vedasto, hili si la mchezo."

"Boke, mimi si Mkurya? Nimekwambia hayupo."

Msomaji, kama wewe si mtu wa huku, nikueleze kwa nini aliuliza. Kwetu baba mkwe na mkwe wake wa kike hawachezeani. Hawashikani mikono. Hawakai benchi moja. Akipita njia hii, wewe unakata kona unapita ile. Sasa mzee amuone mke wa mwanawe akiwa hana nguo za kutosha mwilini? Afadhali nyumba iungue. Na kama binti bado hajaolewa, ng'ombe bado hawajatoka, basi wazee wanaweza kusimama na kusema habari imekwisha, kila mtu ashike njia yake, na hakuna atakayewalaumu. Binti ndiye atakayebaki na aibu, akitazamwa kila anapopita. Kwa hiyo Boke aliuliza, akajibiwa, akaamini. Angefanya nini? Aliyemjibu ndiye mtu aliyempenda kuliko wote.

Mama Agustina aliwapokea kando ya bwawa, chini ya mwavuli mkubwa, na miwani ya jua usoni.

"Shikamoo mama," Boke alisema, akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana." Siku nyingine zote salamu ya Boke ilikuwa ikijibiwa kwa kikohozi. Leo alipata na tabasamu juu yake. "Ukaoge kwanza kule bafuni. Kwa sabuni, tafadhali. Makwapani, miguuni, kila mahali."

"Nimeoga nyumbani, mama."

"Najua, najua. Ni utaratibu tu kwa watu wa nje."

Boke alikwenda akaoga mara ya pili asubuhi ile, akavaa taiti yake nyeusi na fulana pana aliyokuja nayo. Alipotoka, Mama Agustina alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Hizo haziruhusiwi majini. Zinaacha nyuzi, zinaziba mashine. Lakini usijali, nimekununulia." Akatoa mfukoni nguo ya kuogelea, nyekundu, ambayo Boke alipoinyanyua alidhani ni ya mdogo wake Vedasto.

"Mama, hii..."

"Ndivyo zinavyovaliwa. Nani atakuona? Tupo sisi tu wanawake, na huyu mchumba wako. Jifunge khanga yako mpaka ukingoni, ukifika uivue uingie."

Boke alimtazama Vedasto. Vedasto alikuwa anatazama maji.

Aliivaa. Alijisikia kama kuku aliyenyonyolewa. Alitembea na khanga yake kifuani mpaka ukingoni, akaiweka juu ya kiti, akajitumbukiza haraka kabla macho ya watu hayajamfikia. Maji yalimfika kifuani. Yalikuwa ya baridi, yanawasha macho kwa dawa.

Palikuwa na mama mmoja na watoto wake upande wa pili. Aliuona utepe wa njano. Akawaita wanawe bila kumsalimu Boke. "Tokeni. Tokeni haraka, mtaogelea kesho wakishaweka dawa." Watoto walitoka, mdogo akilia, akiuliza yule dada ana ugonjwa gani. Na pale walipotoka ikaja plasta iliyotumika, ya kidonda cha mtu, inaelea taratibu mpaka ikagusa bega la Boke. Plasta ya watu wa ndani! Boke aliirusha nje kwa ncha za vidole. Kwao Kewanja walioga kwa maji ya kuchota, kidogo, lakini hakuna aliyewahi kuoga na usaha wa jirani.

"Usijali mwanangu," Mama Agustina aliita kutoka kivulini. "Wakiondoka watu wa nje tunamwaga dawa mara mbili. Bwawa liko salama."

Salama kwa nani? Boke alitaka kuuliza. Lakini Vedasto alikuwa ameingia majini, amemsogelea, na mkono wake ulikuwa umeshapita chini ya mgongo wake.

"Lala," alisema kwa sauti ya chini. "Lala kabisa. Nimekushika."

"Nitazama."

"Mimi nikiwepo? Legeza shingo. Tazama juu."

Boke alilala juu ya maji. Masikio yakazama, kelele zote zikakatika, akabaki na mbingu na uso wa Vedasto. Mungu wangu, alimpenda mtu huyu. Alimpenda mpaka akasahau sabuni, akasahau plasta, akamsamehe yule mama na watoto wake. Aliwaza jinsi watakavyokuwa wazee, yeye na huyu, na bado atamwambia alale amemshika. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Macho yake ya taratibu hayakutulia. Kila Boke alipoyatafuta, yalikimbilia kwenye nyumba namba kumi na nne, nyumba ya kwao.

"Una nini wewe leo?"

"Sina kitu."

"Mbona unatazama nyumbani kila saa?"

"Natazama tu."

Kule kivulini Mama Agustina alisimama, akakunja gazeti lake. "Jamani, nimeacha maharage jikoni! Narudi sasa hivi." Akaenda zake, viatu vikipiga kokoto.

Vedasto aliuondoa mkono wake taratibu. "Na mimi nikuletee juisi. Usitoke majini, utapata baridi. Nisubiri hapahapa."

"Vedasto, usiniache peke yangu na hawa watu."

"Dakika mbili, mpenzi." Alimbusu kwenye paji la uso. Boke alikuja kulikumbuka busu hilo baadaye, na kila alipolikumbuka alipangusa paji lake kwa kiganja.

Alibaki ameshika bomba la ukingoni. Wanawake wawili waliokuwa wamekaa chini ya mwavuli mwingine walinong'ona wakacheka. Boke alijifanya haoni. Kisha akasikia buti za Yassini.

"Dada, mwenyeji wako yuko wapi?"

"Mama Agustina kaenda jikoni, anarudi."

"Ameniambia pale getini kwamba harudi. Ameniambia nifuate sheria." Yassini alikuna kichwa, hakuonekana kuifurahia kazi yake. "Nimeshapiga simu nyumbani. Mwenye nyumba anakuja."

"Mwenye nyumba gani?"

"Mzee Werema. Si ndiyo nyumba yake?"

"Mzee Werema yuko Mugumu!"

"Mugumu? Dada, mzee nimemfungulia geti asubuhi hii akitoka kanisani. Yupo ndani."

Boke hakungoja amalize. Alijirusha kuelekea ngazi, akapanda nusu, akanyoosha mkono kwenye kiti. Kiti kilikuwa kitupu. Khanga haikuwepo. Aliangalia chini ya kiti, aliangalia kushoto na kulia, na pale ndipo alipomuona Mzee Werema akija kwenye kijia, na koti lake la kanisani na ndala za nyumbani, mtu mrefu mwenye mwendo wa wafugaji, anatabasamu kama mtu anayekuja kumpokea rafiki wa mnadani.

"Mgeni wangu yuko wapi?" alisema kwa furaha. "Karibu, karibu, nilikuwa..."

Akaona.

Boke alijiachia akaanguka majini kama jiwe, akajikunyata mpaka kidevuni. Ilisaidia nini? Maji yale yalikuwa meupe kama kioo. Alitamani wangekuwa na matope ya mto Mara, alitamani mamba amchukue. Alifumba macho akasubiri yule mzee apige kelele.

Hakusikia kelele. Alipofumbua, Mzee Werema alikuwa amemgeuzia mgongo. Alikuwa amesimama wima, uso kwenye ukuta, mikono yake nyuma.

"Yassini," alisema. "Lete taulo. Mbili. Uziweke hapo halafu na wewe ugeuke."

"Ndiyo, mzee."

"Na nyie akina mama mnaangalia nini? Hamna waume wa kuwaangalia?"

Wale wanawake waliokota pochi zao wakaondoka. Taulo zikaja. Boke alitoka, akajifunga moja kiunoni na nyingine mabegani, meno yakigongana.

"Nimeshajifunga, tata," alisema. Alimwita tata, kama wanavyomwita baba kwao. Hakuwa na neno lingine.

Mzee hakugeuka. Aliuambia ukuta. "Mwanangu, unisamehe. Sikujua. Nilikuwa nimelala kwenye kochi. Vedasto ndiye aliyekuja kuniamsha. Akaniambia baba, amka, mlinzi amepiga simu, mgeni wako yuko bwawani. Mimi nikajua ni yule mwenzangu wa ng'ombe kutoka Serengeti."

"Nani alikuamsha, tata?"

"Vedasto."

"Vedasto huyu?"

"Nina Vedasto wangapi? Akanishika na mkono akanisimamisha. Akaniambia nifanye haraka."

Mzee wa watu hakujua alichokisema. Lakini Boke alikisikia, na kikamshuka taratibu mpaka tumboni, kama mtu anayemeza maji waliyoogea wenzake. Mikono ileile iliyomshika mgongoni, ikimwambia alale asiogope, ilikuwa imekwenda moja kwa moja kumwamsha mzee. Hata haikungoja kukauka.

Alivaa gauni lake bafuni bila kujipangusa, akaenda nyumba namba kumi na nne kwa miguu yake. Hakuitwa. Kilio cha Mama Agustina kilimpokea tangu barazani.

"Aibu gani hii! Mkwe kaonwa na baba mkwe! Uchi, mchana kweupe! Uuuwi, tutawaambia nini wazee?"

Msikilizeni mwanamke huyu. Kazaliwa Kemambo, kachunga ndama na wenzake, halafu alipopata nyumba yenye bwawa akapiga marufuku Kikurya mezani kwake. Kibuyu cha marehemu bibi yake kakigeuza taa ya sebuleni. Leo ndiye analia kwa ajili ya mila!

"Sisi ni Wakurya, Boke," aliendelea, akijipangusa macho makavu. "Mimi ningetaka uwe mkwe wangu, Mungu ananiona. Lakini hili halisafishwi. Hata uchinje mbuzi wa Tarime nzima. Wazee watasema basi, na mimi ni nani nibishane nao? Rudi nyumbani, mwanangu, uwaeleze taratibu. Hakuna atakayekulaumu sana."

Boke alikuwa anaangalia kitu kimoja tu. Chini ya kwapa la Mama Agustina, imekunjwa vizuri, ilikuwepo khanga.

"Mama, naomba khanga yangu."

Kilio kilikatika katikati.

"Niliiona imeanguka nikaiokota."

"Ulipoenda kuangalia maharage."

"Unanijibu hivyo mimi? Vedasto, unamsikia?"

Vedasto alikuwa ameegemea ukuta wa baraza, anatazama vidole vya miguu yake. Mkononi alikuwa na glasi ya juisi. Alikuwa ameileta kweli! Boke aliitazama ile juisi ya embe akataka kutapika.

Ndipo sauti ya Mzee Werema ikatoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Hakutokeza. Alikaa kule alikotakiwa kukaa.

"Mimi sikuona kitu."

"Werema!"

"Jua lilinipiga machoni. Nilifika bwawani nikaona maji. Nikageuka. Basi."

"Werema, watu wote wameona!"

"Hao watu walikuwa wanaangalia wao. Anayetakiwa kuulizwa na wazee ni mimi. Nitawaambia sikuona. Ng'ombe wanatoka Jumamosi kama tulivyokubaliana, na huyo binti ni mkwe wangu. Umenisikia, Agustina? Na wewe Vedasto, mura, kijana wangu, umenisikia?"

Miaka yote ya ndoa yao mzee huyu alikuwa hajawahi kumkatalia mkewe jambo, alikuwa akikohoa tu akaenda mnadani. Boke alitaka kumwambia mzee asante na hakuweza, kwa sababu chozi la kwanza lilikuwa limeshatangulia. Alichukua khanga yake kutoka mikononi mwa Mama Agustina, akajifunga.

"Shikamoo, tata," aliliambia pazia. "Mimi naenda."

"Marahaba, mwanangu. Uende salama."

Vedasto alimfuata mbio. Alimkuta kwenye kijia, karibu na geti, akamshika kiwiko, uso wake uking'aa kama wa mtu aliyeponea ajalini.

"Boke! Umesikia? Baba kasema hakuona! Mambo yamekwisha, mpenzi. Jumamosi ng'ombe wanatoka."

"Niachie mkono."

Aliuachia.

"Ni wewe uliyemwamsha?"

"Nani kakwambia?"

"Sijauliza hilo."

Vedasto aliangalia geti, akaangalia miti, akaangalia kila mahali. "Mama alinilazimisha. Hujui anavyokuwa. Tangu mwezi wa tatu hakuna kulala nyumba ile. Felista, Felista, binti wa Mzee Simoni wa namba ishirini, wenye magari, kila siku Felista. Kasema nikikuoa wewe hatakanyaga harusini."

"Na wewe unamtaka Felista?"

"Hapana! Nakupenda wewe."

"Basi kwa nini ulinipeleka kule?"

"Nilichoka, Boke. Sikuweza kumkatalia mama, na sikuweza kukuumiza wewe. Nikaona..." Alimeza mate. "Nikaona mila ikikataa, itakuwa rahisi kwa wote. Hakuna mtu atakayekuwa na kosa."

Boke alimtazama. Alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya benchi. Alikuwa mzuri bado. Hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi. Macho yaleyale, midomo ileile, sauti ileile laini, na ndani yake mtu anayeweza kumvua mwanamke nguo akamwita baba yake aje kutazama, halafu akaenda kumletea juisi.

"Ungeniambia tu," alisema.

"Ningekuambiaje?"

"Boke, sikutaki. Maneno mawili. Ningelia mwezi, ningelia mwaka, lakini ningelia nyumbani kwetu nikiwa nimevaa nguo zangu."

"Lakini nakutaka!"

"Mimi nilikuwa nimekwambia ndiyo, Vedasto. Kaka zangu wamechimbia nguzo za zizi. Mama yangu anakutaja kwenye sala zake. Na wewe ulinishika mgongo ukaniambia nitazame juu, wakati unahesabu moyoni mama yako asimame saa ngapi."

"Nisamehe. Nilikosea, nakubali. Lakini hakuna kilichoharibika! Baba kasema hakuona!"

Boke alijaribu kuuvua ule utepe wa njano, kifungo kikagoma. Aliuvuta kwa meno mpaka ukakatika, akauweka kwenye kiganja cha Vedasto, akakifunga kiganja hicho kwa mkono wake. Ngozi yake ilikuwa ya joto. Hata hapo, Mungu amsamehe, moyo wake ulishtuka kwa kumgusa.

"Baba yako ni mwiko aniangalie," alisema, "na amenisitiri. Kasimama akaudanganya ukoo mzima kwa ajili yangu. Wewe ndiye uliyekuwa unioe, unione maisha yako yote, usiku na mchana, ugonjwani na uzeeni. Wewe ndiye uliyenivua."

"Boke..."

"Mwambie mzee ng'ombe wabaki. Mwambie mimi ndiye niliyekataa, si yeye. Usimwache akaona aibu kwa ajili yako, hata leo tu."

Yassini alikuwa ameshafungua geti bila kuombwa, ameinamisha kichwa. Nje palikuwa na bodaboda wanasubiri kivulini. Boke alipanda ya kwanza, nywele zikimtiririka maji mgongoni, khanga imeshika mwili. Nyuma yake Vedasto alikuwa anaita jina lake, lakini hakuvuka geti. Alisimama ndani ya ukuta wao akaita.

"Wapi, dada?" aliuliza dereva.

"Kewanja."

Walikwenda kitambo. Vumbi la barabara likamshika Boke kwenye ngozi mbichi, shingoni, miguuni, na hakujali hata kidogo. Dereva alimtupia jicho kwenye kioo.

"Pole, dada. Unalia?"

Boke alijipangusa uso kwa ncha ya khanga. Machozi yalikuwa yananuka dawa ya bwawa.

"Silii," alisema. "Nasikia kinyaa. Ongeza mwendo, nataka kwenda kuoga."